Bega Likiuma: Lini Upumzike, Lini Ukimbilie Hospitali



Safari hii twataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni maumivu ya bega.

Mtasema, "Bega tena? Si tungeongea juu ya mbuzi au mbegu?" Subirini kidogo. Vikundi vyetu havikutani kwa michango peke yake. Vijana wana timu ya voliboli uwanjani kwa kanisa. Akina mama wana netiboli yao. Wengine wamejitengenezea vyuma vya kunyanyua kwa makopo na simiti nyuma ya nyumba. Krismasi na Pasaka ikifika, kijiji kwa kijiji tunashindana. Ni jambo jema. Mwili unaochezeshwa hukaa na nguvu, na vijana wanapata la kufanya.

Lakini tukumbuke jambo moja. Mchezaji wa kulipwa bega likimuuma, anakosa mechi, na daktari wa timu yuko pale kando ya uwanja. Sisi bega lililopiga mpira Jumapili ndilo lile lile litakaloinua jembe Jumatatu, litakaloteka maji, litakalobeba mkungu wa ndizi au kukata mkonge. Likiharibika mwezi wa Oktoba, mvua za vuli hazitakungoja. Utakosa mechi, na shamba pia litakosa mbegu. Ndiyo maana yafaa tujue: maumivu gani ni ya kupumzisha nyumbani, na yapi ni ya kupeleka hospitali bila kuchelewa.

BEGA LIMEUMBWAJE?

Goti ni kama bawaba ya mlango. Linakunja na kukunjua, basi. Bega ni tofauti kabisa. Chukua chungwa uliweke juu ya kifuniko cha soda. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono. Kifuniko ni kile kikombe kidogo kilicho kwenye kombe la bega. Chungwa laweza kuzunguka kila upande, na ndiyo sababu mkono wako wafika juu, nyuma, mbele na pembeni. Lakini wewe mwenyewe waona, chungwa hilo laweza kuanguka kwa urahisi. Ndiyo maana katika viungo vikubwa vyote vya mwili, bega ndilo linaloteguka zaidi.

Sasa, ni nini kinachozuia chungwa lisianguke? Ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukishika kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika mpira. Misuli hii inaungana na mfupa kwa kano. Kila unapoinua mkono juu ya kichwa, kano hizi ndizo zinazofanya kazi ya kulishika bega mahali pake. Ukizipa kazi waliyozoea, zitakutumikia miaka mingi. Ukizipa ghafla kazi kubwa kuliko walivyozoea, zinaanza kuuma. Wazee walisema, kamba hukatikia pabovu.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Sababu ni nyingi, lakini tutaje zile tunazokutana nazo sana vijijini.

1. Kuzidisha kazi ghafla. Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote. Chukua mfano wa kijana ambaye hajagusa mpira tangu Pasaka. Wiki moja kabla ya Krismasi anaanza kupiga smashi mia moja kila jioni, na asubuhi amechimba mitaro shambani. Siku ya nne bega linauma upande wa nje, hasa akiinua mkono au akililalia usiku. Hakuna kilichovunjika. Kano zimechoka.

2. Kuteguka. Mtu anaanguka na mkono umenyooka, au anavutwa mkono ukiwa juu. Mfupa unatoka kwenye kikombe, na mara nyingi unatokea mbele. Bega linapoteza umbo lake la mviringo na kuwa kama lina kona. Mtu anashika mkono wake kwa mkono mwingine na hataki uguswe.

3. Kuvunjika. Anayeanguka kwenye baiskeli, pikipiki au uwanjani mara nyingi huvunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Kwa wazee hata kuanguka kidogo nyumbani kwaweza kuvunja mfupa wa mkono karibu na bega.

4. Kano kuchanika. Huwapata zaidi waliopita umri wa miaka 40 au 50. Baada ya kuanguka au kuinua mzigo mzito, mtu ghafla hawezi kuinua mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine akimwinulia, unainuka. Akiachiwa, unaanguka.

5. Bega kukakamaa. Hili huja polepole, hasa kati ya miaka 40 na 60, na huwapata akina mama zaidi kuliko wanaume. Wenye ugonjwa wa sukari wako hatarini zaidi. Mwanzo ni maumivu makali, kisha bega linafunga. Mama hawezi kufunga sidiria wala kusuka nywele zake. Laweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu kufunguka. Si laana wala si kulogwa. Ni ugonjwa unaojulikana. Na mtu mwenye bega la namna hii apimwe sukari, maana kuna wengine ambao hapo ndipo hugundua kwamba wana kisukari.

6. Bega lauma, lakini shida iko kwingine. Hili tulishike sana. Moyo ukikosa damu, maumivu yaweza kujitokeza begani na kushuka mkononi, hasa upande wa kushoto, pamoja na kubanwa kifua, kutokwa jasho au kukosa pumzi. Kwa mwanamke aliyekosa hedhi, maumivu ya ncha ya bega pamoja na maumivu ya tumbo na kizunguzungu yaweza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba na inavuja damu ndani. Shida ya shingo nayo yaweza kuleta maumivu begani na ganzi mpaka vidoleni. Mwenye selimundu naye bega laweza kumuuma kwa sababu mfupa wenyewe umekosa damu. Watu hawa kukandwa hakutawasaidia. Wanahitaji daktari.

NENDA HOSPITALI LEO HII, USINGOJE KESHO

Kata ukurasa huu mbandike mahali mnapokutania. Mtu apelekwe siku hiyo hiyo kama:

– bega limebadilika umbo, au mfupa umetokeza mahali si pake;

– ameanguka au kugongwa na hawezi kabisa kusogeza mkono;

– mkono una ganzi, umekuwa baridi, umegeuka rangi, au vidole havina nguvu;

– ngozi ya nje ya bega, pale chini kidogo ambapo askari hubandika alama za cheo, haihisi ukiigusa;

– bega limevimba, ni jekundu au la moto, na mtu ana homa. Hii yaweza kuwa ni usaha ndani ya kiungo, na kiungo chaweza kuharibika kwa siku chache tu;

– maumivu yamekuja na kubanwa kifua, jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi;

– mwanamke ana dalili za mimba iliyotunga nje tulizotaja hapo juu;

– maumivu yalianza baada ya mtu kupata kifafa au kupigwa na umeme, hata kama bega laonekana sawa kwa nje. Mfupa unaweza kuteguka kwa nyuma bila kuonekana.

NENDA NDANI YA WIKI MOJA AU MBILI

– Umepumzisha bega wiki mbili na maumivu hayapungui.

– Unaamshwa na maumivu kila usiku.

– Huwezi kuinua mkono mpaka usawa wa bega. (Kama uliweza jana na leo umeshindwa ghafla baada ya kuanguka au kuinua mzigo, usingoje. Nenda siku hiyo au kesho yake.)

– Bega linahisi kama linataka kutoka kila unaporusha mpira.

– Bega linazidi kukaza kila wiki.

– Una maumivu pamoja na kupungua uzito, homa za jioni au uvimbe usiojulikana. Mabaya mengine, kama kifua kikuu cha mifupa au uvimbe wa saratani, huanza kimyakimya hivi.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upewe barua kama unahitaji kupelekwa mbele. Ikiwa ni bega lililoteguka au kuvunjika, yafaa kufika hospitali kubwa moja kwa moja: Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi, au Wesu kwa walio milimani, au Taveta kwa walio upande huo. Mkiwa na simu, ulizeni kwanza kama picha ya eksirei inapatikana saa hiyo, msije mkapanda magari mawili bure. Linalohitaji mtaalamu wa mifupa zaidi huenda likapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Na jambo la kadi. Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Yule ambaye bado hajajiandikisha ajiandikishe akiwa mzima. Usingoje ufike hospitali umeshika mkono ndipo uanze kutafuta kitambulisho.

MKIWA UWANJANI: YA KUFANYA MARA MOJA

Tuseme mnacheza, mchezaji anaanguka, bega linatoka. Watu wote wanakimbilia, kila mtu na ushauri wake. Mmoja asema mvute, mwingine asema weka mguu kwapani usukume. Hapana! Msivute. Kuna mishipa ya damu na ya fahamu inayopita hapo karibu kabisa na kwapa. Na huenda mfupa umevunjika pia, nanyi hamuoni. Mkivuta, kilichovunjika kidogo chaweza kuvunjika vibaya.

Fanyeni hivi:

1. Mkalisheni kivulini. Mwacheni ashike mkono wake vile anavyosikia nafuu. Msiulazimishe kunyooka.

2. Chukueni leso, mkunje pembe tatu, mfungie shingoni iushike mkono ukiwa umekunjwa. Leso ya pili izungushieni kifuani juu ya mkono ili usitikisike. Kama kuna nafasi kati ya mkono na mwili, wekeni sweta lililokunjwa.

3. Mvueni pete, saa na bangili za mkono huo kabla haujavimba.

4. Kama kuna barafu dukani, zungusheni kitambaa na kuiweka begani dakika 10 hadi 15. Msiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Kama hakuna, kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungi kinasaidia.

5. Angalieni vidole. Vina joto? Anahisi ukivigusa? Anaweza kuvichezesha? Mwambieni daktari mlichoona.

6. Asile chakula kizito. Huenda akahitaji dawa ya usingizi ili bega lirudishwe.

7. Mpelekeni kwa gari ikiwezekana. Pikipiki kwenye barabara ya mawe ni mateso kwake, na akianguka tena shida itakuwa mara mbili.

Bega lililoteguka hurudi kwa urahisi zaidi likiwahiwa, kabla misuli haijakaza. Saa chache ni afadhali kuliko kesho, na kesho ni afadhali kuliko wiki ijayo.

JE, MZEE WA KUKANDA?

Hili swali huulizwa kila mahali, na twataka kulijibu kwa heshima. Katika vijiji vyetu kuna wazee na akina mama wenye mikono mizuri ya kukanda. Msuli uliochoka baada ya kulima, mafuta kidogo na kukandwa taratibu kwaweza kuleta nafuu. Hatukatazi.

Lakini bega lililoumia kwa kuanguka lisikandwe wala kuvutwa kabla ya kupigwa picha. Bega lenye homa na joto lisikandwe kabisa. Bega lenye ganzi vilevile. Na yule mkandaji mwenye hekima, akiona hizi alama, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, "Mwanangu, hili si langu, mpeleke hospitali." Basi waalikeni katika kikundi, muwasomee orodha ile ya juu. Wao huona wagonjwa kabla ya daktari kuwaona.

KAMA SI HATARI: KUJITUNZA NYUMBANI

Maumivu mengi ya bega ni yale ya namba moja, ya kuzidisha kazi. Haya hutulia yenyewe ukiyatunza vizuri. Lakini hapa watu hukosea pande mbili.

Wa kwanza ni shujaa. Anasema maumivu ni ya wanawake, anaendelea kupiga mpira na kubeba magunia. Miezi sita baadaye bado analalamika.

Wa pili ni mwoga. Anafunga mkono kwa leso mwezi mzima, haugusi. Siku anapoufungua, bega limekaza na misuli imekwisha nguvu. Kumbe kupumzika kupita kiasi nako ni ugonjwa.

Njia njema ni ya katikati. Siku mbili tatu za kwanza, acha lile lililoleta maumivu: smashi, kurusha, kunyanyua juu ya kichwa. Lakini mkono uendelee na kazi nyepesi za nyumbani. Usiku lala kwa upande mwingine, ukumbatie mto au nguo iliyokunjwa ili mkono usilale nyuma.

Juu ya dawa: mtu mzima aweza kumeza panadol za miligramu 500, mbili kwa wakati mmoja, na zisizidi nane kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza. Dawa kama ibuprofen na diclofenac hutuliza, lakini zina makali yake. Zisimezwe tumbo likiwa tupu wala kwa wiki nyingi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au presha, mwenye pumu, na mama mjamzito wasizitumie bila ushauri. Na ile tabia ya kupitia dukani kudungwa sindano ya maumivu kila Jumamosi ili ucheze Jumapili, tafadhali tuiache. Sindano inanyamazisha bega, hailitibu. Ni kama kuzima kengele huku mwizi yuko ndani.

MAZOEZI MATANO YASIYO NA GHARAMA

Haya ni ya bega lililochoka, si ya lililoteguka au kuvunjika, isipokuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuruhusu. Kanuni ni hii: maumivu madogo yavumilika, lakini kesho asubuhi bega lisiwe baya kuliko leo. Likiwa baya, umezidisha. Punguza.

1. Kengele. Inama kidogo, mkono mzima ushike meza au kiti. Mkono unaouma uning'inie. Uache ubembee mbele na nyuma, kisha duara ndogo, kama kengele ya kanisa. Dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku.

2. Kupanda ukuta. Simama ukitazama ukuta. Tembeza vidole juu polepole, kama mtu anayepanda Vuria, mpaka pale panapovuta. Ngoja kidogo, ushuke. Mara 10. Weka alama ya mkaa, uone kama wiki ijayo utaipita.

3. Kubana makombe. Keti wima, rudisha mabega nyuma kana kwamba wataka kushika kalamu kati ya makombe mawili. Hesabu hadi tano, achia. Mara 10.

4. Mpira wa baiskeli. Kata utepe wa tyubu kuukuu, ufunge kwenye nguzo imara usawa wa kiwiko. Kiwiko kikae ubavuni, kimekunjwa. Vuta utepe kwenda nje, urudi polepole. Geuka, uvute kwenda ndani. Mara 10 hadi 15 kila upande, kisha pumzika na urudie. Hili ndilo linaloimarisha ile misuli minne midogo.

5. Kusukuma ukuta. Mikono ukutani usawa wa kifua, sogea na ujisukume urudi, kama pushapu ya kusimama. Mara 10. Ikiwa rahisi, tumia meza, halafu baadaye sakafu.

Usitarajie muujiza siku ya tatu. Kano hupona polepole, kwa kawaida wiki 6 hadi 12 za kufanya mazoezi siku nyingi za wiki. Anayeacha wiki ya pili kwa sababu "haisaidii" ni kama mtu anayefukua mbegu kuangalia kama imeota.

Na yule aliyeteguka? Baada ya bega kurudishwa, kwa kawaida huvaa kitambaa cha kushika mkono wiki moja hadi tatu, huku akichezesha vidole, kifundo na kiwiko. Kisha mazoezi chini ya mtaalamu. Michezo ya kurusha na kugongana mara nyingi hungoja kama miezi mitatu. Kijana aliye chini ya miaka 25 ajue kwamba bega lililotoka mara moja lina tabia ya kutoka tena. Likitoka mara ya pili, amwone daktari wa mifupa, maana kuna upasuaji unaosaidia.

KINGA: TUJIFUNZE KWA YEGO

Mwaka 2015, kule Beijing, Mkenya Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mtu akitazama atadhani ni nguvu ya mkono. Lakini mtazame vizuri: anakimbia, anakanyaga, kiuno kinazunguka, kifua kinafuata, mkono unakuja mwisho kabisa. Mkono ni ncha tu ya fimbo. Anayerusha kwa mkono peke yake amelibebesha bega kazi ya mwili mzima.

Ndivyo ilivyo katika voliboli pia. Timu yetu ya wanawake ya Kenya, iliyocheza Olimpiki za 2000, 2004, 2021 na 2024, haikuanza kwa kupiga smashi. Anayeruka kwa miguu na kuzungusha kiuno hupiga kwa nguvu, na bega lake halichoki haraka. Basi timu zetu zifuate haya:

– Dakika 10 za kupasha mwili moto kabla ya mpira: kukimbia taratibu, kuzungusha mikono, kurusha mpira polepole kabla ya kurusha kwa nguvu.

– Kuongeza kidogo kidogo. Kama mmekaa miezi bila kucheza, anzeni mwezi mzima kabla ya mashindano, si wiki moja. Hesabuni smashi. Wiki ya kwanza 20 kwa siku zatosha.

– Siku ya kupumzika katikati. Na anayechimba mitaro asubuhi asifanye mazoezi ya kurusha jioni hiyo hiyo. Afanye ya miguu.

– Wanaonyanyua vyuma vya simiti waanze na vyepesi, na wasishushe chuma nyuma ya shingo.

– Kocha asimwambie mtoto "vumilia." Mtoto anayesema bega lauma apumzishwe. Mifupa yake bado inakua.

Na kazini vilevile. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni afadhali kwa bega kuliko mmoja mkubwa upande mmoja. Wilbaro ya kikundi ni bora kuliko mabega kumi. Mzigo uinuliwe ukiwa karibu na mwili, si mikono ikiwa imenyooshwa. Mpini wa jembe ulingane na urefu wa mwenye kulima.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake, kwamba hakuna kiungo kinachoumia peke yake. Wengi wetu tulisoma maneno hayo tukafikiria kanisa tu. Lakini kikundi ni mwili pia. Bega la mmoja likiharibika, ni zamu yake ya kulima ambayo haitafanyika, ni mchango wake ambao hautakuja, ni watoto wake ambao jirani atawalisha.

Basi twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili:

1. Leso mbili safi, kitambaa na panadol viwekwe kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo uje kila mechi.

2. Namba ya simu ya mwenye gari aliye karibu iandikwe kwenye daftari la kikundi, na bei ya kufika hospitali ikubaliwe mapema.

3. Sehemu ndogo ya mchango iwe ya dharura, ili mtu asikae siku tatu na bega lililotoka akitafuta nauli.

4. Mwanakikundi akiumia, wengine wamlimie siku mbili tatu. Wengi hawapumzishi bega kwa sababu hakuna mwingine wa kushika jembe. Kumwambia mtu apumzike bila kumsaidia kazi ni maneno matupu.

MASWALI YA KUJADILI

– Katika kijiji chetu, nani ana bega lililomsumbua zaidi ya mwezi? Je, amepimwa? Amepimwa na sukari?

– Mtu akiteguka bega leo saa kumi jioni, tutampelekaje, na kwa pesa gani?

– Nani atawafikishia wakandaji wetu na makocha wetu ile orodha ya "leo hii"?

– Ni nani kati yetu bado hajajiandikisha SHA?

Jibuni maswali haya kabla hamjafunga mkutano kwa sala, na katibu aandike yaliyokubaliwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na bega nalo lina mawingu yake. Mwenye kuyajua huanua nguo mapema.

Mungu awabariki, na tuonane uwanjani.